Ali na Foreman wangerudiana mwaka 1976, nani angeshinda?

Hapa Lubumbashi ubishi wa ngumi unaweza kuanzia kwa bondia yeyote wa leo, lakini ukipewa muda utaishia Kinshasa, alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974. Pambano lile lilipangwa lianze mnamo saa kumi za alfajiri ili watazamaji wa Marekani waliangalie kabla ya kwenda kulala, na kwa kuwa saa za huku kwetu ziko mbele ya zile za Kinshasa kwa saa moja, wazee wa Kamalondo na wa Kenya, komini za mji wetu, waliokesha karibu na redio walipata habari za ushindi wa Muhammad Ali jua likichomoza. Hilo halina mbishi. Ubishi unaanza pale mtu anapouliza jambo ambalo mabondia wenyewe hawakulijibu kamwe: kama Ali na George Foreman wangepanda ulingoni kwa mara ya pili, mkono wa nani ungeinuliwa?

Swali hilo huulizwa sana na vijana wa ukumbi wa mazoezi ninaopitia jioni katika komini ya Kenya, na kila mara hujibiwa kwa haraka, kati ya raundi na raundi, na mtu ambaye tayari anavaa glavu. Jibu langu ni kwamba Ali angeshinda tena, ila kwa pointi, kwa tofauti ndogo sana, na nusu ya watazamaji wangeondoka uwanjani wakiamini kwamba Foreman ameibiwa. Sababu zangu ni ndefu kidogo.

Kwanza tukubaliane juu ya tarehe, kwa maana marudiano yasiyo na tarehe ni porojo. Mwaka 1975 haufai. Foreman hakupigana pambano rasmi hata moja mwaka huo; kilichobaki katika kumbukumbu ni maonyesho ya tarehe 26 Aprili mjini Toronto, ambako alipanda kupigana na mabondia watano usiku mmoja huku Ali akiwa kando ya ulingo anatangaza na kumdhihaki. Lilikuwa tukio la aibu kuliko la ngumi, nalo linaonyesha jinsi akili ya Foreman ilivyokuwa bado haijatulia miezi sita baada ya Kinshasa. Mwaka 1977 nao haufai, kwa sababu tarehe 17 Machi Foreman alishindwa na Jimmy Young mjini San Juan, Puerto Rico, akaacha ngumi kwa miaka kumi na kuwa mhubiri. Unabaki mwaka 1976, na ndani yake nachagua mwezi wa Septemba. Foreman alikuwa ametoka kumwangusha Joe Frazier mwezi wa Juni, na Ali alikuwa na nafasi ya kutetea mkanda ambayo kwa kweli aliitumia kupigana na Ken Norton katika uwanja wa Yankee Stadium, New York. Badala ya Norton, tumweke Foreman.

Sasa turudi Kinshasa, maana hakuna anayeweza kutabiri la pili bila kulielewa la kwanza. Foreman alifika akiwa na miaka 25, ameshinda mapambano yote 40, na 37 kati ya hayo kabla ya muda kwisha. Wapinzani wake wanane wa mwisho hakuna aliyevuka raundi ya pili, na miongoni mwao walikuwemo Frazier, aliyeangushwa mara sita mjini Kingston mwezi wa Januari 1973, na Norton, aliyemalizwa mjini Caracas mwezi wa Machi 1974. Watu hao wawili ndio waliokuwa wamemshinda Ali, na Norton alikuwa amemvunja taya. Ali alikuwa na miaka 32. Kwa hesabu za karatasi, waliokuwa wakimhofia Ali hawakuwa wajinga.

Wengi husimulia pambano lile kana kwamba Ali alijilaza kwenye kamba tangu kengele ya kwanza hadi ya nane, akasubiri mwenzake achoke. Mwenye kuitazama filamu kwa makini ataona vingine. Katika raundi ya kwanza Ali alisimama katikati ya ulingo akampiga Foreman kwa mkono wa kulia bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo bondia wa daraja la juu hamfanyii mwenzake kwa kuwa ni la hatari na tena ni la dharau. Kuanzia raundi ya pili ndipo alipoegemea kamba, na hata huko hakuwa mtu wa kupigwa tu: alikuwa anamkamata Foreman shingoni na kumvuta chini kwa uzito wake, akimsemesha sikioni, na karibu na mwisho wa kila raundi anachomoka na kurusha makonde machache ya haraka yaliyofika usoni. Ndiyo maana mwamuzi na majaji wawili, wote watatu, walikuwa wakimpa Ali uongozi kabla ya raundi ya nane, ile aliyommaliza Foreman. Foreman hakuwa anashinda kisha akapata ajali. Alikuwa anashindwa polepole mbele ya watu wapatao 60,000.

Kuhusu hizo kamba, mambo mengi yamesemwa: kwamba zililegezwa kwa makusudi, kwamba joto ndilo lililozilegeza, kwamba kona ya Ali ilijua na kona ya Foreman ililala. Foreman mwenyewe alilalamika pia juu ya hesabu ya mwamuzi, na baadaye akasema kwamba maji aliyopewa yalikuwa na ladha ya dawa. Kwa miaka mingi hakuwa tayari kusema neno jingine. Alipozeeka alimkubali Ali na wakawa marafiki.

Nisingeyapa malalamiko hayo nafasi kama nisingeona kwa macho yangu kamba iliyolegea inavyofanya kazi. Ulingo wa ukumbi wetu si wa kifahari. Kamba zake zimefungwa kwenye vyuma vinne, na ile ya upande wa dirisha imelegea kiasi kwamba bondia akiiegemea, kiuno kinabaki ndani na kichwa kinatoka nje. Jioni moja kocha alimwagiza kijana mwembamba akae hapo, abane viwiko mbavuni na glavu mashavuni, kisha akamruhusu kijana mzito ampige atakavyo. Makonde ya mwanzo yalisikika hadi barabarani. Kabla raundi haijaisha, mkono wa kulia wa yule mzito ulikuwa haurudi tena shavuni bali unaishia kifuani, viwiko vilikuwa vinaning'inia, mdomo u wazi, naye alianza kusukuma badala ya kupiga. Mwembamba alitoka na mikono iliyovimba, lakini pumzi yake ilikuwa ya mtu aliyekaa. Kocha, ambaye si mtu wa maneno mengi, alimwambia yule mzito: «Mdogo wangu, nani alikuchosha? Yeye hakurusha hata moja.»

Kwa hiyo ndiyo, kamba zilisaidia. Lakini kamba hazikumlazimisha Foreman kupiga kila konde kwa nguvu ya kubomoa ukuta, wala hazikumfundisha kupumua vibaya. Kuna bondia ambaye akimwona mwenzake kwenye kamba hurudi nyuma hatua mbili, akamngoja katikati. Foreman hakuwa na wazo hilo, kwa sababu kwa miaka miwili hakuna aliyempa haja ya kuwa nalo.

Je, mwaka 1976 alikuwa ameshalipata? Hapo ndipo wanaomtetea wanapokuwa na hoja nzuri. Baada ya Kinshasa aliachana na kocha wake Dick Sadler akaenda kwa Gil Clancy, kocha wa New York aliyejulikana kwa nidhamu. Tarehe 24 Januari 1976 alipigana na Ron Lyle mjini Las Vegas, na wote wawili wakaangushana katika raundi ya nne kwa namna ambayo hata leo ukiiangalia unasahau kumeza mate. Foreman alianguka mara mbili, akainuka, na raundi iliyofuata akammaliza Lyle. Halafu tarehe 15 Juni akamsimamisha Frazier katika raundi ya tano. Katika pambano hilo la Frazier unaweza kuona mkono wa Clancy: Foreman hakukimbilia, alitumia mkono wa kushoto ulionyooka kupima umbali, akangoja. Alikuwa mtulivu kuliko yule wa Kingston, ingawa kazi ilimchukua muda mrefu zaidi.

Ali, kwa upande wake, hakuwa yule wa Kinshasa. Tarehe 1 Oktoba 1975 alipigana na Frazier mjini Manila raundi kumi na nne, katika joto kali, pambano ambalo Ali alisema baadaye kwamba lilimfikisha karibu na kifo, na wanaofuatilia ngumi wengi hukubali kwamba hakurudi kamili kutoka huko. Tarehe 30 Aprili 1976, mjini Landover, alipanda ulingoni dhidi ya Jimmy Young akiwa na ratili 230, yaani kilo 104 na zaidi, wakati Kinshasa alikuwa na kama kilo 98. Young hakuwa na ngumi nzito. Alikuwa na ujanja, na alipobanwa alikuwa anatoa kichwa nje ya kamba ili mwamuzi asimamishe pambano. Majaji walimpa Ali ushindi na watu wakazomea. Mwezi wa Septemba, dhidi ya Norton, majaji walimpa Ali tena, kwa tofauti ndogo kabisa, na raundi ya mwisho ndiyo iliyoamua. Mimi nimelitazama pambano hilo mara nyingi na kila mara nampa Norton.

Hapa mjomba wangu, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mshabiki wa Foreman tangu zamani (kundi dogo sana katika nchi hii), hunikatiza. Hoja yake ni rahisi: Norton alimsumbua Ali raundi kumi na tano; Foreman alimponda Norton kwa raundi mbili; basi Foreman wa 1976 angemponda Ali mzee. Namheshimu mjomba, lakini hesabu hiyo ndiyo iliyowapoteza wacheza kamari mwaka 1974. Frazier alimshinda Ali mwaka 1971, Foreman akampiga Frazier kama mtoto, na Ali akamwangusha Foreman. Ngumi ni suala la nani anampa nani umbali anaoupenda. Frazier na Norton walikuwa wanaingia mbele, ndani ya mkono wa Foreman, mahali ambapo hakuna bondia wa enzi ile aliyestahili kusimama. Ali hakuingia. Alikuwa mbali au alikuwa amekumbatia. Ile nafasi ya katikati, ambamo Foreman alivunjia watu, Ali aliikanyaga kwa sekunde chache tu kila raundi, kwa wakati aliouchagua mwenyewe.

Na shahidi wangu mkubwa ni Jimmy Young, yule yule. Mjini San Juan mwezi wa Machi 1977, miezi isiyofika sita baada ya tarehe yetu ya kubuni, Foreman wa Clancy, aliyetulia, aliyejifunza kungoja, alikutana na mtu asiye na ngumi ya kumwangusha farasi, na alipelekwa raundi zote kumi na mbili. Katika raundi ya saba alimtikisa Young vibaya. Foreman wa 1973 angemmaliza pale pale. Huyu wa 1977 alisita, kwa maana alikuwa na kumbukumbu ya mikono iliyoisha nguvu, na Young akapona. Katika raundi ya mwisho Foreman ndiye aliyeanguka. Clancy alimfundisha asikimbilie, na Kinshasa ilimfundisha aogope raundi za mwisho, na mafunzo hayo mawili pamoja yalimwacha mahali pabaya: hakuwa tena yule wa kubomoa mapema, wala hakuwa bado yule wa kudumu hadi mwisho. Utulivu ambao watetezi wake wanausifu ndio ungempa Ali kile alichokihitaji kuliko kitu kingine chochote mwaka 1976, nao ni muda.

Kwa hiyo naliona pambano hivi. Raundi tatu za kwanza ni za Foreman, na ya pili ni ya hatari sana, kwa sababu miguu ya Ali haina tena kasi ya kuondoka na kamba za New York zimekazwa barabara; hakuna pa kuegemea kichwa kikatoka nje. Ali anaokolewa na mikono yake mirefu na kule kukamata shingo, ambako mwamuzi mkali angekukemea lakini asingekukomesha. Nadhani Ali anapiga goti mara moja, labda katika raundi ya nne, na anainuka. Alikuwa na uwezo huo wa ajabu: katika maisha yake yote ya ulingoni hakuwahi kuhesabiwa hadi kumi. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Septemba 1977, alipokea makonde ya Earnie Shavers, ambaye wengi waliopigana naye humweka juu ya wote kwa uzito wa ngumi, na akamaliza raundi kumi na tano akiwa amesimama.

Kuanzia raundi ya sita pambano linakuwa baya kutazama. Ali anakumbatia, anasukuma, anasema maneno, anarusha makonde mepesi ya kushoto yanayoonekana vizuri kutoka viti vya majaji. Foreman anafuata kwa hatua nzito, anapiga mbavu, anapumzika, na katika kupumzika huko anapoteza raundi moja baada ya nyingine. Ali wa 1976 hana mkono wa kulia wa kumaliza kazi kama ule wa raundi ya nane ya Kinshasa. Simwoni Foreman akizunguka tena na kulala chali. Naona watu wawili waliochoka katika raundi ya kumi na tatu, mmoja akijua jinsi ya kuchoka kwa sababu amekuwa Manila, na mwingine akikutana na giza hilo kwa mara ya kwanza. Kumbuka kwamba pambano la ubingwa wakati ule lilikuwa la raundi kumi na tano, na Foreman hakuwahi kwenda zaidi ya kumi kabla ya San Juan.

Kisha wanakuja majaji. Mtabiri anayewasahau majaji wa 1976 anatabiri pambano la nchi nyingine. Mwaka huo, katika kila raundi ya mashaka, Ali ndiye aliyepewa. Alipewa Landover, alipewa New York, na sioni sababu ya kufikiri kwamba angenyimwa dhidi ya mtu ambaye umma haukumpenda. Foreman wa enzi hizo hakuwa yule babu mcheshi wa matangazo ya majiko ya kuchomea nyama. Alikuwa mtu mkimya mwenye uso uliofungwa, na inasimuliwa kwamba alipotua Kinshasa na mbwa wake wa Kijerumani, watu waliwakumbuka polisi wa Wabelgiji na wakamhukumu siku hiyo hiyo. Raundi nane kwa saba, Ali. Labda jaji mmoja anampa Foreman.

Foreman ambaye angemshinda Ali alikuwepo kweli, ila alichelewa. Ni yule aliyerudi ulingoni mwaka 1987 akiwa mnene na mwenye furaha, aliyemaliza raundi kumi na mbili na Evander Holyfield mwaka 1991 bila kuomba msamaha kwa mtu, na ambaye tarehe 5 Novemba 1994, akiwa na miaka 45 na amevaa ile kaptula nyekundu ya Kinshasa, alimwangusha bingwa Michael Moorer katika raundi ya kumi baada ya kushindwa karibu usiku mzima. Angelo Dundee, aliyekuwa kona ya Ali Kinshasa, usiku huo alikuwa kona ya Foreman. Huyo alijua kupumua, alijua kupoteza raundi bila kupoteza kichwa. Lakini Ali alikuwa ameshaambiwa na madaktari mwaka 1984 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson.

Mjomba hakubali, na amenitaka niandike utabiri wake pia: Foreman, raundi ya nne, na kwamba Ali angeomba kukaa. La kukaa silikubali. Ila kuna sharti moja ambalo ningempa. Dhidi ya Norton mwezi ule wa Septemba Ali alipima ratili 221, karibu kilo 100, na utabiri wangu wote umesimama juu ya kipimo hicho. Kama siku moja kabla ya pambano mizani ingesoma kama ilivyosoma Landover mwezi wa Aprili, ningehama upande saa ile ile na kusema Foreman, kabla ya raundi ya sita.